Gari la Waqfu Lilipochemka Foleni

Msikiti wetu wa Themi, jijini Arusha, unalo gari moja tu, nalo ni la kubebea majeneza. Ni Peugeot 504 steshenwagoni, ambayo wazee wa mtaa hadi leo huiita Pijo. Aliyetuachia ni mzee mmoja aliyeliweka waqfu kabla ya kufariki kwake, kwa sharti kwamba lisitumike ila katika kuwahudumia maiti na wafiwa. Aliyapenda magari hayo tangu ujana wake, tangu Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa nchi hii, aliposhinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1966 na 1967 akiendesha Peugeot 404. Mzee alikuwa akituambia kwamba gari la ukoo ulioshinda matope ya Safari halitashindwa na njia ya makaburini.

Hakuihesabu foleni. Kwa muda wa mwaka mmoja gari hilo lilikuwa na ugonjwa ambao sote katika kamati tuliujua. Likienda Moshi na kurudi, sindano ya joto haitikisiki. Likisimama robo saa katika msongamano, sindano hupanda hadi kwenye wekundu na mvuke hufuka chini ya boneti. Dawa yetu ilikuwa moja: kusimama, kungoja, kuongeza maji, kisha kuendelea. Sisi ndio tuliokuwa tukiandika kumbukumbu za vikao, nasi twakiri kwamba mara tatu tuliandika "gari lichunguzwe", na mara zote tatu fedha zikaenda kwenye vipaza sauti na rangi ya ukuta. Gari lilikuwa bado linakwenda, nasi tukaliona hilo kuwa hoja ya kutosha.

Siku ya mtihani ilikuwa Ijumaa. Tulikuwa tumemswalia bibi mmoja wa mtaa wetu, tukampakia, tukatoka Themi kuelekea katikati ya jiji. Arusha ni mji wa mikutano, na siku hiyo magari yalisimamishwa ili kupisha msafara wa wageni. Tulisimama chini ya jua dakika kumi, kisha ishirini. Sindano ikapanda, mvuke ukatoka, gari likazimika. Kijana mmoja wetu, kwa pupa ya kutaka kusaidia, aliruka akakifungua kizibo cha rejeta kwa mkono mtupu. Maji yalimrukia kwa kishindo na kumbabua mkono hadi kwenye kiwiko.

Wengine wakamkimbiza kijana hospitalini kwa bajaji. Sisi tuliobaki tulilishusha jeneza, tukalibeba mabegani, tukapita nalo katikati ya magari yaliyosimama huku tukipokezana. Mbele ya foleni, mwenye pikapu tupu, ambaye hakuwa wa dini yetu, alishuka akatufungulia nyuma bila kuulizwa. Hivyo ndivyo bibi yetu alivyofika kaburini, karibu na Alasiri, kwa gari la mtu baki, ilhali msikiti wake unalo gari la waqfu kwa kazi hiyo hiyo.

Baada ya maziko tulimwendea mwanawe kumwomba radhi. Alitusikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Ustadh, mama amefika, alhamdulillahi. Atakayefuata mtengenezeeni gari." Hakuongeza neno, na usiku ule hatukulala vizuri.

Kesho yake tulilivuta gari hadi kwa fundi mmoja mzee, Unga Limited. Tulimweleza kwamba gari linakula maji. Aliliwasha, akaliacha lingurume pale pale, akasimama mbele yake kimya. Sindano ilipokaribia wekundu alituita. "Ustadh, weka mkono wako hapa mbali kidogo na rejeta. Unasikia upepo?" Hatukusikia. Feni ilikuwa ikizunguka kivivu. "Basi maji hayana kosa," akasema. "Kilichokosekana ni upepo."

Akatufafanulia. Gari likiwa mbioni, upepo wa njia wenyewe huingia mbele na kuipooza rejeta, hata feni ikiwa haifanyi kazi. Likisimama, upepo huo hukatika, na tegemeo lote hubaki kwa feni. Katika Peugeot 504 feni hushikwa na sumaku ya umeme: maji yakifikia joto fulani, swichi hupeleka umeme, sumaku hunata, feni huzunguka kwa nguvu. Umeme huo hupita katika kipande kidogo cha kaboni kinachosuguana na pete. Kaboni yetu ilikuwa imelika hadi ikawa haigusi. Tena kizibo cha rejeta kilikuwa kimechoka, hakishiki shinikizo. Katika mji ulio kwenye kimo cha mita 1,400 hivi chini ya Mlima Meru, maji yasiyo na shinikizo huchemka kwenye nyuzi 95 takriban, wala hayangoji 100. Maji tuliyokuwa tukiongeza yalikuwa yakichemka na kumwagika barabarani.

Kaboni mpya, kizibo kipya, rejeta ikasafishwa tope, na mkanda wa feni ukakazwa. Gharama yote haikufikia bei ya kipaza sauti kimoja.

Tulipolipa fedha hizo tulikumbuka darasa la fiqhi chuoni. Wanazuoni wametufundisha kwamba mapato ya waqfu huanza kutumika katika kuihifadhi mali yenyewe, ndipo wafuate wenye kunufaika nayo, kwa kuwa waqfu uliochakaa haumnufaishi mtu. Tuliisoma hukumu hiyo, tukaifanyia mtihani, hata vijana tumewafundisha. Na Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kuliharakisha jeneza. Hatukukosa elimu hata kidogo. Tulichokosa ni kulifungua boneti.

Kwa kuwa familia nyingi zinaendesha magari ya zamani, twayaandika hapa aliyotufundisha fundi. Gari likipanda joto katika foleni, zima kiyoyozi, na kama lina hita ya ndani, iwashe hata kama ni jua kali, kwani hutoa sehemu ya joto la injini. Sindano ikiendelea kupanda, toka pembeni na uzime injini. Kizibo cha rejeta kisiguswe mpaka injini ipoe kabisa, jambo linaloweza kuchukua nusu saa au zaidi. Hapo kifunguliwe polepole kwa kitambaa kinene. Usimimine maji baridi kwenye injini ya moto, maana hedi ya silinda yaweza kupasuka. Na gari linalochemka likisimama lakini likipoa likikimbia, tazameni feni kwanza. Watoto nao wafundishwe habari ya kizibo. Kijana wetu amepona, lakini alama ya mkononi hatatoka nayo leo wala kesho, na kila akitupa mkono wa salamu twaiona.

Sasa kila Alhamisi baada ya Alasiri vijana wawili huliwasha gari na kuliacha lingurume dakika ishirini uani, wakiitazama sindano. Majuma machache baada ya hapo tulikwama tena katika foleni ile ile, tukiwa na maiti nyuma. Sindano ilipanda, nasi tukanyamaza wote. Kisha feni ikashika, tukausikia mvumo wake mbele yetu, na sindano ikateremka. Mmoja wetu akasema alhamdulillahi kwa sauti ya chini. Tulimrehemu mzee aliyetuachia gari hilo, tukamwomba Allah (s.w.) atusamehe kwa mwaka ule mmoja.

Wabillahi tawfiq.