Mgema na Sifa Zake

Wahenga walinena: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali hii tumezoea kumwelekezea mgema peke yake, kana kwamba kosa lote ni lake. Lakini ndani yake yumo mtu wa pili ambaye hatumtaji: yule aliyeonja akasifu. Huyo ndiye ninayetaka kumzungumzia, kwani wapenzi wa ushairi sote ni waonjaji, na neno letu huweza kumjenga mshairi au kumharibu.

Sharti niseme mapema kwamba mimi si mnywaji. Niyajuayo ya mvinyo nimeyapata vitabuni, na ya lubisi nimeyapata kwa macho na pua.

Katika kilima cha Montalcino, jimbo la Toscana nchini Italia, hutengenezwa mvinyo mwekundu uitwao Brunello, mmojawapo wa ile inayothaminiwa mno duniani. Hutokana na zabibu za aina moja tu, Sangiovese. Hulazwa katika mapipa ya mbao kwa muda usiopungua miaka 2, wala hauruhusiwi kuuzwa kabla ya Januari ya mwaka wa 5 baada ya mavuno. Mwonjaji huinamisha bilauri juu ya kitambaa cheupe apate kuiona rangi, huizungusha, huinusa, kisha huvuta funda, akaliviringisha kinywani, na mara nyingi akalitema. Atafutacho ni mizani, neno lilelile tunalolitumia kwa hesabu ya silabi: uchachu usiuzidi utamu, harufu isiifiche ladha, na ukakasi uwepo kwa kiasi chake. Ukakasi huo sisi wa pwani tunaujua kwa zambarau na kwa ndizi mbichi. Katika Brunello haukwepwi, maana ni miongoni mwa mambo yanayouwezesha mvinyo huo kuishi miaka mingi.

Hata hivyo sifa zilileta majaribu yake. Mwaka 2008 waendesha mashtaka wa Siena waliwachunguza baadhi ya watengenezaji kwa tuhuma za kuchanganya zabibu za aina nyingine. Ilisemekana kwamba shabaha ilikuwa kuulainisha mvinyo uwapendeze wanunuzi wa mbali. Oktoba mwaka huohuo watengenezaji wenyewe walipiga kura, na wengi mno wakakataa kuilegeza kanuni yao.

Lubisi haina mapipa wala miaka. Niliishuhudia katika kata ya Ngenge, Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera. Ndizi zilizoiva humenywa na kukanyagwa pamoja na nyasi ndani ya gogo lililochongwa mfano wa mtumbwi. Maji huongezwa, maji ya ndizi huchujwa, kisha hutiwa unga wa mtama uliokaangwa na kufunikwa yachache. Baada ya siku chache tu huwa kali mno. Hukumu yake, basi, haiwezi kungoja.

Mwenye pombe alianza kunywa yeye, wageni waone kwamba ni salama, ndipo kibuyu kikampita mzee aliyeketi karibu na mlango. Mzee alinusa, akanywa kidogo, akanyamaza. Kisha akasema kwa upole, “Tata, maji yametangulia ndizi.” Hakuna aliyecheka. Mwenye nyumba aliitikia kwa kichwa, akaeleza kuwa mikungu ilikuwa haba.

Uhaba huo una historia. Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko bakteria uligunduliwa wilayani Muleba, ukiwa wa kwanza kuthibitishwa nchini Tanzania. Wadudu huubeba kutoka ua hadi ua, na visu huubeba kutoka mgomba hadi mgomba. Ndizi za pombe za aina ya kainja huathirika upesi. Wakulima wakafundishwa kulivunja ua la dume kwa mti wenye panda badala ya kisu, na kuing’oa migomba iliyougua. Ndizi zikiadimika, maji huwa karibu, na hapo ndipo mwonjaji mkweli anapohitajika zaidi.

Nilichokipenda kwa mzee yule ni kwamba aliijua shida ya jirani yake na bado hakumdanganya. Angesifu, siku ya pili maji yangezidi, na vijana waliokuwapo wangekua wakidhani kwamba hiyo ndiyo lubisi.

Nasi tuna magogo yetu ya kukanyagia. Diwani zinazinduliwa, makofi yanapigwa, na kila mtunzi huambiwa ni malenga. Vina vimetimia, mizani imetimia, lakini fikra imezimuliwa, na hatusemi kwa sababu mtunzi ni ndugu yetu na ukumbi umejaa. Twaogopa kumvunja moyo. Lakini mtunzi aliyeambiwa kwa upole kwamba maji yametangulia atarudi nyumbani na kuitafuta ndizi. Aliyepigiwa makofi atarudi mtoni na ndoo.

Basi mgema tusimlaumu peke yake. Tembo likiwa maji, na aulizwe pia aliyeonja.