Kitreni cha "Mjerumani" chawagombanisha ndugu Tabora, laki nane zapeperuka

Kuna dada mmoja maeneo ya Isevya, Tabora, jina likae pembeni. Kwenye sanduku la marehemu babu yake kakuta kitreni cha bati. Kichwa tu, cheusi, cha kujaza kwa ufunguo. Kaka yake akakipiga picha na kuposti: "Antiki ya Mjerumani, mwaka 1912, inauzwa." Siku mbili hazijaisha, mteja wa Dar kazama DM na ofa ya laki nane. Na huku dada anadaiwa kodi ya miezi mitatu.

Hiyo 1912 haikuokotwa jalalani. Ndiyo mwaka reli ya Mjerumani kutoka Dar ilipofika Tabora, mji uliozoea misafara ya watu wenye mizigo kichwani. Septemba 1916 Wabelgiji wakaingia, Mjerumani akaaga. Kwa hiyo stori ilikuwa inauzika kabisa.

Sasa dada kakipeleka kwa fundi saa, ufunguo ulikuwa haushiki. Mzee wala hakushangaa rangi, maana rangi hupakwa upya na magurudumu hubadilishwa. Akakigeuza tumbo juu, akafuta vumbi, akasoma maandishi madogo: kimetengenezwa Ujerumani Magharibi.

Kwisha habari. Ujerumani Magharibi imeanza 1949. Hata vya Uingereza vinasomwa hivyo hivyo: chenye herufi LMS ubavuni hakiwezi kuwa cha kabla ya 1923, kampuni hiyo ya reli ilipoanza. Ukikuta British Railways, ni 1948 kuja huku. Alama haikupi mwaka kamili kitu kilipotengenezwa. Inakupa mwaka ambao hakiwezi kuwa kimetengenezwa kabla yake.

Kaka akaja na wazo: "Piga msasa hapo chini, nani atajua?" Dada akagoma. Akampigia mteja picha ya lile tumbo, akaituma. Ofa ikashuka hadi laki moja na nusu.

Jioni bibi akaulizwa. Akacheka. "Mjerumani gani tena, mjukuu wangu? Babu yako alikileta mwenyewe, siku za Reli ya Afrika Mashariki. Mama yako alikuwa akilia kila akimwona anabeba begi kwenda safari."

Na hesabu inakubali. Reli hiyo iliundwa 1948, ikavunjika 1977 pamoja na Jumuiya. Yale maandishi yaliyoua laki nane ndiyo hayo hayo yanayoonyesha bibi hakutunga, kitreni ni cha enzi za babu. Msasa ungefuta vyote viwili.

Dada hajauza. Kodi bado inadaiwa, na kaka hamsemeshi mpaka leo, anasema ukweli haulipi mwenye nyumba.

Haya wadau: laki nane mezani, msasa mkononi, mwenye nyumba mlangoni. Ungefanyaje? Tiririka hapo chini.