Majuma sita bila sabuni usoni



Sisi wasichana wanne wa bweni tunapenda kuwaelezea jambo ambalo limezungumzwa sana katika masomo muhula huu, na mara nyingi bila sisi wenyewe kuulizwa. Ni kweli, kwa majuma sita hatukupaka sabuni usoni, wala pomadi, wala krimu. Lakini si kweli kwamba hatukuoga. Mwili tulioga kama watu wote. Mikono tulinawa kwa sabuni mbele ya kula na kisha kutoka msalani, maana hapa Goma kolera iliua maelfu ya watu katika mwezi wa Julai 1994, na tangu pale imerudi mara nyingi. Hakuna mwenye akili anayecheza na mikono. Tunazungumza juu ya uso tu.

Sababu yake ni chunusi. Sote wanne tuko nazo, lakini mmoja wetu zilimjaa kwenye paji la uso, mashavuni, hata chini ya kidevu. Vijana fulani wakaanza kumwita Nyiragongo. Akipita, mmoja anauliza, "Mulima inaamuka?" na wengine wanacheka. (Tunajua humu masomoni watoto ambao jamaa zao walipoteza nyumba tarehe 22 Mei 2021. Kwao neno lile si mchezo.) Yeye alianza kutembea akitazama chini. Alikuwa msomaji mzuri wa asubuhi mbele ya wote, akaacha kusoma. Na siku moja, bila kutuambia, alinunua kikopo cha krimu sokoni. Tutarudi kwa kikopo hicho.

Kila mtu mwenye chunusi anajua shauri la kwanza analopewa: "Uso yako iko muchafu, nawa tena." Basi tulikuwa tunanawa. Asubuhi, saa sita, na jioni, kwa kipande cha sabuni ya kufulia, na kukwaruza kwa kitambaa kigumu paka ngozi inawaka. Na wasomaji wanajua maji ya hapa yanavyopatikana. Mtu anashuka ziwani na bidoni ya njano ya litre 20, au analipa mwenye chukudu, au anangojea robine. Kunawa mara tatu kwa siku ni kazi ya mgongo. Kisha ngozi inakauka, inavutika, inatoka magamba, unapaka mafuta mengi ili kuituliza, na chunusi ziko palepale.

Tulimwomba mwalimu wetu wa biolojia atuonyeshe namna chunusi inavyotokea. Alitusaidia sana, na tunamshukuru. Katika kila tundu la unywele kuna kitezi kinachotoa mafuta ya ngozi. Mtoto anapobalehe, homoni zinaongeza mafuta hayo. Wakati uleule, ngozi iliyokufa ndani ya tundu inashikamana na kuwa kama kizibo. Mafuta hayapati njia ya kutoka, bakteria ambazo huishi kwenye ngozi ya kila mtu zinaongezeka mle ndani, na pale pakavimba. Yote hayo yanafanyika ndani. Hata kile kidoa cheusi tunachokiona katikati ya tundu na kukifinya kwa kucha si vumbi la lave. Ni rangi ya ngozi yenyewe na mafuta yaliyobadilika kwa kukutana na hewa. Habari hiyo ilituliza kuliko sabuni yoyote.

Tena alitupimia sabuni kwa kikaratasi cha pH. Ngozi nzuri ina uchachu kidogo, karibu 5. Sabuni ya kipande hufika 9 au 10. Maji ya juu ya ziwa Kivu yenyewe yanakaribia 9. Kwa hiyo tulikuwa tunachukua kitu chenye magadi, tunakiosha kwa kitu kingine chenye magadi, mara tatu kwa siku, juu ya ngozi isiyokipenda.

Kwa wakati ule dada wa mmoja wetu alirudi kutoka Kampala, akasema huko kuna wasichana walioacha kila kitu usoni, wakapona. Tulijadiliana usiku kucha. Mwishowe tukaweka sharti moja kwa wote: asubuhi hakuna kitu, jioni maji ya kikombe kimoja, kwa mikono misafi, bila kukwaruza, kisha kukausha kwa kugusagusa na kitambaa kilichofuliwa. Mafuta ya nywele yasifike kwenye paji la uso. Na hakuna kufinya. Hilo la mwisho lilitushinda nguvu kuliko yote.

Juma la kwanza uso uling'aa kama mandazi yaliyotoka kwenye karai. Watu walituambia. Mama mlezi alitutazama mstarini akasema, "Banangu, mulikosa maji?" Tulijibu kwa heshima kwamba tunafanya jaribio, naye akacheka, akatuacha. Katika juma la pili ngozi iliacha kuvutika. Magamba yaliisha kwa sisi watatu, na tunaweza kusema wazi kwamba hiyo ndiyo faida tuliyoiona sote watatu.

Juu ya chunusi zenyewe, kila mmoja alikuwa na habari yake. Mmoja alipungukiwa kama nusu. Zake zilikuwa nyingi kwenye paji, pale mafuta ya nywele yalipokuwa yakitelemka, na tunafikiri ni mafuta yale kuliko sabuni. Wa pili hakuona tofauti yoyote paka mwisho. Wa tatu zilimwongezeka. Yeye kila Jumamosi anamsaidia mama yake kukaanga mandazi Birere, kisha anarudi kwa moto katika vumbi jeusi, na kikombe cha maji peke yake hakitoshi kuondoa moshi wa mafuta na vumbi la mawe ya volkano. Mji wetu umejengwa juu ya lave. Shauri linaloweza kufaa mahali penye majani na barabara za lami halifai sawasawa Goma katika kiangazi.

Sasa turudi kwa wa nne, yule wa kikopo.

Alikuwa amepaka krimu yake kwa miezi minne. Mwanzoni ilimpendeza: chunusi zilinyamaza, uso ukawa mweupe kidogo, hata wale vijana wakanyamaza. Alipoiacha siku moja pamoja na sisi, uso wake ulilipuka katika juma la pili. Ulikuwa mwekundu, ukiwaka moto, wenye vipele vidogo vidogo hata kuzunguka mdomo. Hakulala. Alilia akisema, "Minarudilia krimu yangu, ninyi munaniua." Sisi tulifikiri ni kukosa kunawa. Yeye vilevile.

Tulimpeleka kwenye kituo cha afya. Mama Muganga alimtazama kimya, kisha akauliza swali moja: "Mwana yangu, ulikuwa unapakaa nini?" Akaturudisha bweni kuleta kikopo. Aliposoma maandishi madogo ubavuni alituonyesha kwa kidole: clobetasol. Ni dawa ya kweli, akasema, yenye nguvu kubwa, ambayo muganga huitoa kwa ugonjwa fulani wa ngozi na kwa siku chache. Mtu akiipaka usoni kwa miezi, inafanya ngozi kuwa nyembamba na inaleta vipele vyake yenyewe huku ikivifunika. Akiiacha, kila kilichofunikwa kinatoka. "Huyu mwana haiko muchafu," akasema, "na haiko juu ya kuacha sabuni. Ni hii."

Alituambia pia kwamba bahati mbaya ingeweza kuwa kubwa zaidi. Krimu nyingine za kung'arisha zina hydroquinone, na nyingine zina zebaki, ambayo inaingia mwilini na kuharibu figo. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unakataza krimu zilizotiwa zebaki. Ng'ambo ya mpaka, hapo Gisenyi, serikali ya Rwanda ilianza kuzitosha madukani mwishoni mwa 2018. Kwetu bado zinapangwa mezani karibu na nyanya, na anayeuzisha mara nyingi hajui kusoma kilichoandikwa, naye anatafuta chakula cha watoto wake.

Ilichukua zaidi ya miezi miwili kabla ya ngozi yake kutulia. Ndipo Mama Muganga alipompa dawa ya chunusi yenyewe, benzoili peroksidi, kidogo tu kila jioni, na kunawa mara mbili kwa siku kwa sabuni laini isiyo na manukato, bila kukwaruza. Madoa meusi yaliyobaki, alisema, yatakwenda polepole kwa miezi, na asiyatafutie krimu. Wa tatu wetu, yule wa mandazi, ananawa vilevile sasa. Sisi wawili tumebaki na maji na kikombe chetu, na sabuni siku za vumbi kubwa.

Mwenye kikopo ametuomba tuandike kwamba yeye ndiye aliyetaka habari hii ichapwe, kwa sababu anajua angalau vikopo vitatu vingine katika mabweni. Anayetaka kumwonyesha maandishi ya ubavuni amtafute kisha chakula cha jioni. Hatauliza jina wala kusema kwa mtu. Amejifunza kuyasoma.

Na wanaolala karibu naye wasishituke kwa mabaka meupe kwenye foronya yake ya bluu. Ni ile dawa. Inakula rangi ya nguo.