Laini kwa Jina Langu

Oda iliingia saa sita kasoro usiku. Kurasa sita, muda wa saa kumi na mbili, na malipo ya mtu anayejua kwamba huna kazi nyingine. Mada: sheria kali za uhamiaji za majimbo ya Marekani na athari zake kwa uhuru wa raia. Nilibonyeza kukubali kabla mwingine hajaiparamia, ndipo nikasoma maelekezo.

Kwa wasiojua, kuna Nairobi nzima ambayo hailali kwa sababu inawaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao za chuo. Mimi niko humo tangu 2019, mwaka nilioacha chuo. Akaunti ninayotumia si yangu, ni ya jamaa mmoja anayenikata thuluthi ya kila malipo. Mwanafunzi naye anaweka jina lake juu. Kazi moja, majina mawili, na langu halimo. Usiniangalie hivyo. Landlodi anataka kodi tarehe tano.

Nilianza na Arizona. Aprili 2010 gavana Jan Brewer alitia sahihi sheria iliyojulikana kama SB 1070. Ilimtaka polisi aliyemsimamisha mtu kwa kosa lingine lolote, hata taa ya gari iliyoungua, amuulize kuhusu uhalali wake wa kuwa nchini iwapo ana shaka ya msingi kwamba mtu huyo hana vibali. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta vipengele vitatu kati ya vinne vilivyokuwa mbele yake. Hicho cha shaka ikakiacha. Nilikaa na hilo neno muda mrefu, shaka. Polisi anaiona wapi? Mtu hatembei na uhalali wake kwenye paji la uso. Kilicho usoni ni rangi, pua, nywele, na mdomoni kuna lafudhi.

Nikahamia Alabama. Sheria yao ya 2011, HB 56, ilikuwa kali zaidi. Karibu miezi miwili baada ya kuanza kutumika, ilimnasa meneja wa Mercedes-Benz kutoka Ujerumani aliyekuwa akiendesha gari bila leseni mfukoni, na jimbo likaaibika maana kampuni hiyo ina kiwanda pale pale. Nilicheka peke yangu. Lakini sheria hiyo pia ilizitaka shule zichunguze hali ya uhamiaji ya watoto wanaosajiliwa. Mahakama ilisimamisha kipengele hicho baada ya wiki chache tu, lakini wiki zenyewe zilitosha. Wazazi wa Kilatino waliogopa, watoto wakaacha kuja.

Niliandika kwa Kiingereza changu kizuri cha kuuza kwamba madawati yalibaki matupu. Hapo vidole vikasimama, kwa sababu dawati tupu nalijua.

Kidato cha pili nilikuwa nakaa na kijana mmoja wa Isili. Jina lake ameniomba nisilitaje, kwa hivyo nitamwita tulivyokuwa tukiitana darasani, Deskie. Alikuwa Msomali wa Garissa, mzaliwa wa Nairobi, bingwa wa hesabu na mvivu wa insha. Mimi nilikuwa kinyume chake, kwa hivyo tuliishi kwa kunakiliana.

Jumatatu ya tarehe 31 Machi 2014 mabomu yalilipuka Isili na kuua watu sita. Wiki moja kabla yake watu walikuwa wamepigwa risasi kanisani Likoni. Westgate ilikuwa na miezi sita tu. Sitaki kujifanya kwamba hofu ile ilikuwa ya uongo. Mathe alinikataza kupanda matatu zinazopitia Isili na nilimtii kwa moyo wote. Serikali ilikuwa imeshatangaza kwamba wakimbizi wote wa mijini warudi kambini, Dadaab na Kakuma. Na hapa kuna jambo ambalo sikulijua wakati huo: Julai 2013 Mahakama Kuu ilikuwa imelifuta agizo kama hilo hilo, ikasema linakiuka haki. Miezi minane baadaye agizo likarudi kama vile hakuna jaji aliyewahi kusema kitu.

Halafu Usalama Watch ikaanza. Maelfu ya polisi waliingia Isili, nyumba kwa nyumba, usiku. Katika siku za kwanza tu walikamata watu kama 4,000. Uwanja wa Kasarani ulichapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali kuwa mahali pa kuzuilia watu, uwanja ule ule ambao tulikuwa tukienda kutazama mpira. Mamia baadaye walipandishwa ndege kwenda Mogadishu.

Deskie hakuja shule siku nane.

Aliporudi alikaa, akatoa daftari, akaniambia kitu kimoja tu: kwao walikuwa wanalala na viatu. Babake alichukuliwa saa nane usiku. Kitambulisho alikuwa nacho, cha Kenya, kilichoandikwa Garissa. Waliomchukua walisema ni bandia. Alikaa ndani siku tatu kwenye kituo fulani bila kuona hakimu, ilhali Katiba inasema saa 24. Aliachiliwa baada ya shemeji yake kwenda na bahasha. Watu wa Isili walikuwa na utani wao wa siku nyingi, kwamba wao ni ATM ya polisi.

Mimi, na miaka kumi na mitano yangu, nilimuuliza, "Kwani nyinyi ni wakimbizi?"

"Sisi ni wa Garissa."

"Si ndio nauliza."

Hakunijibu. Alinisukumia daftari la hesabu ninakili.

Kwenye karatasi, mahakama ziliendelea kushinda. Desemba ile Bunge lilipitisha sheria ya usalama iliyosema wakimbizi nchini wasizidi 150,000, wakati waliokuwepo walikuwa mara kadhaa zaidi. Februari 2015 Mahakama Kuu ikakifuta kipengele hicho. Lakini hukumu husomwa Milimani, na Deskie alikuwa anaishi mtaa mwingine.

Mwaka 2017 tulikuwa tumemaliza shule na tumefikisha miaka kumi na minane. Nilienda kwa chifu na nakala za vitambulisho vya wazazi. Aliniuliza, "Wewe mtoto wa nani?" Kabla sijamaliza kutaja alikuwa ameshatia sahihi. Nikasubiri wiki kadhaa, nikaenda kuchukua kipande changu. Sisi bado tunaita kipande, jina la ile karatasi ambayo wakoloni waliwavalisha babu zetu shingoni ndani ya kikebe cha chuma, ili Mwafrika asitembee bila mzungu kujua ametoka kwa nani na anaenda kwa nani. Uhuru ulikuja, jina likabaki, na nadhani si jina pekee.

Deskie alipaswa kupigwa msasa. Ndivyo walivyokuwa wakisema, na nikifikiria vizuri, msasa ni kitu cha kukwangulia mbao. Kamati ilikaa na wazee, na machifu, na watu wa usalama. Alipeleka kitambulisho cha babake, wakataka cha babu. Alipeleka cha babu, wakauliza babu alizikwa wapi na ni nani alikuwepo. Wakamwambia atapigiwa simu. Wasomali wa Kenya walianza zamani kupitia hayo: 1989 walichujwa nchi nzima na kupewa kadi za rangi ya waridi ili kuthibitisha kwamba nchi yao ni yao. Kwa hivyo babake hakushangaa. Alimwambia mwanawe awe na subira, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua.

Matokeo yake ya mtihani yalinipita kwa alama mbili nzima. Chuo alipata. Mkopo wa serikali hakuweza kuomba bila kitambulisho, na nyumbani hakukuwa na karo. Mimi niliingia chuo Septemba na yeye akaingia dukani kwa binamu yake, kuuza mapazia.

Bila kipande huwezi kusajili laini ya simu, na bila laini hakuna M-Pesa, na bila M-Pesa Nairobi huishi, unahesabika tu. Nikamsajilia laini kwa jina langu. Najua si halali, msinipigie kelele. Wateja wakilipa mapazia waliona jina la Mluhya, wakampigia simu kuuliza kama wametapeliwa. Mtaani wakaanza kumwita Shemeji wa Kakamega. Alicheka nao.

Sasa nifike pale nimekuwa nikipakwepa.

Tarehe 10 Julai 2018, nusu fainali ya Kombe la Dunia, Ufaransa na Ubelgiji. Tuliangalia kwenye kibanda kimoja Eastlands, tumebanana kama dagaa. Bao lilikuwa moja, la Umtiti, mzaliwa wa Yaoundé, na kibanda kizima kilimshangilia kama ndugu. Tukatoka saa tano kasoro, tunatembea, tunabishana. Land Cruiser ikasimama mbele yetu.

"Vitambulisho."

Nikatoa changu. Afande akamulika kwa tochi ya simu, akasoma, akanirudishia. Deskie akatoa nakala ya cheti cha kuzaliwa, aliyoikunja ndani ya karatasi ya nailoni.

"Hii inaonyesha ulizaliwa," afande akasema. "Haionyeshi wewe ni nani."

"Afande, nimezaliwa Pumwani. Nimepeleka fomu, nangoja."

"Warya, ingia gari." Kisha akanigeukia mimi, bila ubaya wowote, kama mtu anayempisha mwingine kwenye foleni. "Wewe enda."

Nikaenda.

Nimejaribu kuiandika sentensi hiyo kwa urefu zaidi na haikubali. Sikusema "afande, tuko pamoja." Nilitembea hatua kama kumi, nikasimama karibu na kibanda cha mboga kilichofungwa, nikaona taa za gari zikigeuka. Sikuogopa kupigwa. Niliogopa kwamba nikikaa pale zaidi, nitahesabiwa naye. Kuwa nje wakati huo bila kosa, kutembea na rafiki, kumuuliza polisi anamshikia nini, ni haki zangu pia, siyo za Deskie peke yake. Niliziacha zote pale barabarani na kipande kikiwa mkononi.

Mamake alitoa elfu tatu alfajiri. Nilipomuona jioni yake nilikuwa nimepanga maneno. Akanikata: "Ungefanya nini, mzee? Ungelala na mimi ndani?" Akabadilisha mada. Sijui kama alinisamehe au aliona hakuna cha kusamehe, na hilo la pili ndilo baya.

Mwaka uliofuata karo ilinishinda, nikaacha chuo. Nilikaa miezi minne bila kumwambia. Nilikuwa nashuka matatu karibu na duka lake nimebeba begi la chuo lenye sweta tu ndani.

Oda ile niliituma saa tano asubuhi. Mwanafunzi akarudisha na maoni: nzuri, lakini haina uhai, ongeza mfano wa mtu halisi. Sikuwa namjua mtu yeyote wa Arizona. Basi nikabuni vijana wawili wa Phoenix wakitoka kuangalia mpira. Mmoja akaonyesha leseni. Mwingine hakuwa na kitu. Polisi akamwambia wa kwanza aende. Aya moja. Mteja alifurahi, akaongeza dola tano. Jamaa wa akaunti akakata thuluthi yake hata kwa hizo.

Februari 2025 rais alitangaza, akiwa kaskazini mashariki, kwamba kupigwa msasa kumekwisha, kila Mkenya aombe kitambulisho kwa njia ile ile. Kuna waliosherehekea na kuna waliouliza sasa ni nani atazuia wageni. Nilisoma maoni ya watu mtandaoni mpaka nikafunga simu. Deskie hakusema kitu. Alienda na fomu zake tena, na nakala ya babu.

Miezi michache baadaye akanipigia, Jumamosi. "Shemeji wa Kakamega, uko wapi? Beba kipande chako." Tukakutana kwenye duka la simu Isili. Dada wa kaunta alitaka vitambulisho vyote viwili, akaviweka kimoja kando ya kingine, akauliza laini imekuwa ya nani miaka yote hii. Deskie akasema ni hadithi ndefu. Dada akasema basi, wekeni vidole hapa.

Tulipotoka alitaka kujaribu. Akanitumia shilingi kumi, tukasimama kando ya barabara, mabega yamegusana, tukiangalia simu yangu. Ujumbe ukaingia. Majina matatu kwa herufi kubwa, lake, la babake, la babu.

Aliyasoma mara mbili. Halafu akasema nimrudishie kumi yake.