Zamu Yake, Zamu Yangu

Jikoni kwetu Segerea, pembeni ya jokofu, kuna ubao mweupe. Kushoto zinaandikwa safari za baba watoto, kulia zangu, na katikati mambo ya nyumba: chanjo, kikao cha wazazi, gesi, ada. Saa za safari ziko kwa Zulu, yaani saa za dunia tunazotumia marubani wote, kwa sababu ndivyo ratiba inavyotoka ofisini. Miaka ya mwanzo mama mkwe alikuja kutusalimia kutoka Pangani, akasoma ubaoni kwamba mwanawe anaondoka 0300. Akajua saa tatu. Alfajiri akakanda unga, na saa mbili na nusu chapati zilikuwa mezani chini ya kawa. Mwenyewe alishapaa tangu saa kumi na mbili na wakati huo yuko Mwanza anashusha abiria. Mama akaangalia ubao, akaangalia saa ya ukutani, akaniuliza, "Mwanangu, nyumba hii ina saa ngapi?" Nikamwambia zipo tatu, mama: ya Zulu, ya kwenye simu na yetu ya Kiswahili. Akasema basi yeye atafuata ya adhana.

Kila ikikaribia Machi 8, Siku ya Wanawake, wanakuja waandishi, na swali ni lile lile: unawezaje kuoanisha ndoa na kazi? Mume wangu, rubani kama mimi, hajawahi kuulizwa. Mimi hujibu kwamba hatujawahi kuoanisha chochote. Haujapita mwaka ambao kazi yake, kazi yangu na watoto walipata haki sawa. Tulichokuwa nacho ni zamu. Mmoja anasonga mbele, mwingine anasubiri, na anayesubiri anajua zamu yake itaanza lini. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Kusubiri bila kujua mwisho wake kumevunja ndoa za wenzetu kadhaa, na zote zilianza kwa mapenzi makubwa kuliko yetu.

Nilianza na Cessna Caravan, ndege ya injini moja isiyofikisha abiria kumi na tano. Dar, Zanzibar, Mafia, na msimu wa watalii ukifika, Serengeti na hifadhi za kusini. Vijana wengi huiona kama ngazi ya kupitia tu, waifikie ndege kubwa. Kwangu ilikuwa kazi nzuri kuliko zote kwa mama wa watoto wadogo, kwa sababu moja ambayo haimo kwenye mkataba: viwanja vya porini havina taa. Jua likizama umebaki huko huko, kwa hiyo mwajiri mwenyewe anataka urudi mapema. Unapita chini mara ya kwanza kuwafukuza nyumbu kwenye kiwanja cha udongo, unazunguka, unatua, unashusha wageni wenye kofia mpya, unapaa. Magharibi niko nyumbani, viatu vimejaa vumbi la Seronera, nakagua madaftari ya shule.

Mwenzangu wakati huo alikuwa rubani msaidizi kwenye ATR, ndege ya mapangaboi mawili, katika shirika jingine. Alikuwa analala Mwanza leo, Nairobi keshokutwa, na anazitafuta saa zake za kuwa kapteni. Tuliyaandika makubaliano yetu kwenye karatasi ya daftari: yeye atangulie mpaka avae mistari minne, mimi nibaki kwenye Caravan. Akishaupata ukapteni, hatachukua kazi ya nje ya nchi mpaka mimi nami niwe nimehamia ndege kubwa. Wakati ule ilionekana kama mchezo wa watu waliooana juzi.

Haukuwa mchezo. Aliupata ukapteni, na haukupita muda mrefu ikaja barua kutoka Ghuba, mshahara wake ukisoma tarakimu unadhani wamekosea. Ndugu zake walishaanza kugawana nafasi za kuja kututembelea. Akaitoa ile karatasi kwenye droo, akaisoma, akaikataa kazi. Kwao wapo wanaoamini mpaka leo kwamba nilimlisha kitu.

Zamu yangu ilipofika nilienda Addis Ababa kujifunza Dash 8-Q400. Mashine ya mazoezi haijui mchana wala usiku, inatumika saa zote ili ilipe gharama zake, na wageni kama sisi mara nyingi tunaangukia saa za usiku wa manane. Unazima injini moja ya kuigiza saa nane usiku, unatua kwenye ukungu wa kuigiza, halafu unarudi hotelini kusoma ujumbe kwamba mtoto ana homa. Baba yake alichukua likizo yake yote ya mwaka kipindi kile. Alijifunza kusuka nywele. Sisemi alisuka vizuri.

Kuhusu mimba, hapo mila na sheria za anga ziligongana uso kwa uso. Kwetu Tanga mimba changa haitangazwi. Unanyamaza mpaka ionekane yenyewe, watu wabaki wanakisia. Rubani hana ruhusa ya kunyamaza. Ukijijua tu, unamwambia daktari wa anga, na cheti chako cha afya kinasimamishwa. Kwa utaratibu wa kimataifa, mimba isiyo na matatizo inaweza kukurudisha kazini kuanzia mwisho wa wiki ya 12 hadi mwisho wa wiki ya 26, ukishapimwa. Basi mpanga ratiba alijua kabla ya mama yangu. Wahudumu, mafundi, hata kijana wa mizigo Terminal 2, wote waliona jina langu limetoweka kwenye ratiba na hakuna aliyekuwa mgonjwa. Shangazi yangu alipoambiwa hatimaye, alinuna wiki nzima, si kwa mimba bali kwa kuwa wa mwisho kujua.

Na sikukuu! Maombi ya mapumziko yanatakiwa mapema, majuma kadhaa kabla ratiba haijatoka. Ratiba haisubiri mwezi uandame. Unaomba siku mbili kwa kukisia, mwenzako anaomba zake kwa kukisia kwake, na ofisi zenyewe mbili hazizungumzi. Tumewahi kula Idd kwa simu, kila mmoja na biriani ya watu wengine.

Ugomvi nao una utaratibu wake. Kabla ya kuruka, rubani anapaswa kujipima mwenyewe: maradhi, dawa, msongo, pombe, uchovu, hasira. Ukienda kazini na maneno ya nyumbani kichwani, umewabeba abiria kwenye maneno hayo. Kwa hiyo mwenye safari ya alfajiri haletewi kesi baada ya magharibi. Kesi inaahirishwa mpaka siku ambayo wote tuko chini. Nyingi zilizoahirishwa zilijifia. Zilizobaki ndizo zilizostahili kusikilizwa, na tumezisikiliza kwa sauti za juu kabisa, majirani mashahidi.

Asubuhi ya Jumapili, Novemba 6, 2022, nilikuwa mapumzikoni. Ndege ya ATR iliyotoka Dar es Salaam ilitumbukia Ziwa Victoria ikiwa inakaribia kutua Bukoba. Watu 19 walikufa, marubani wote wawili wakiwemo. Simu yangu ilianza kuita kabla sijawasha redio. Ndugu, majirani, mzazi wa shule ambaye hata namba yake sikuwa nayo: "Mama, ni baba yao?" Nilijua siye. Ubao ulisema siye, njia yake siku hiyo ilikuwa nyingine. Nilimjibu kila aliyepiga kwa upole, hapana, siye, tuwaombee. Nilijibu hivyo huku nimesimama mbele ya ubao, kidole kiko kwenye mstari wake, nausoma upya baada ya kila simu, maana safari hubadilishwa dakika za mwisho na anayebadilishwa hapati nafasi ya kurudi nyumbani kufuta ubao. Ujumbe wake ulikuja mchana: "Nimetua. Umesikia?" Marubani wa nchi hii si wengi. Kwa kujuana au kwa sauti tu kwenye redio, kila aliyepotea ni mwenzetu.

Jioni ile hatukuzungumza juu ya kuacha kazi. Tulizungumza juu ya watoto. Wiki iliyofuata tuliandika wosia: nani awalee, nani ashike fedha, nani asipewe hata akilia. Toka hapo, tukisafiri kama abiria mbali na watoto, kila mmoja anapanda ndege yake. Wapo wanaotucheka, kwamba watu wa fani hii ndio tunaoogopa ndege. Siogopi ndege. Nina watoto watatu na hesabu naijua.

Kabla ya hapo, mwaka 2020 wa korona ulitufundisha ubaya wa nyumba nzima kutegemea tasnia moja. Watalii walikoma, safari za nje zikasimama, mishahara yote miwili ikapungua siku moja. Leseni nayo haingoji: bila kupaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90, huruhusiwi kubeba abiria mpaka urudishwe kwa mazoezi. Toka hapo tuna mashamba ya michungwa Muheza, na nawashauri wanandoa wote wa fani moja watafute machungwa yao.

Lakini zamu hizi zote zisingewezekana bila mama mdogo, mdogo wake mama, aliyetoka Muheza akaja kukaa nasi mtoto wa kwanza alipozaliwa. Watoto wanapougua usiku wanamwita yeye kwanza. Iliniuma zamani, sasa hainiumi. Nilichokataa tangu mwanzo ni kumlipa kwa shukrani na vitenge. Ana mshahara, ana likizo, anachangiwa mfuko wa hifadhi ya jamii kama mfanyakazi yeyote. Nikisoma mahojiano ya wanawake waliofika mbali kikazi wakiwataja waume na Mungu tu, huwa najiuliza nani alikuwa anawapikia watoto uji.

Kwa ndege za abiria zenye marubani wawili, safari za kimataifa zina kikomo cha miaka 65. Baba watoto amenizidi umri, atafika huko kabla yangu kwa miaka kadhaa. Ile karatasi ya daftari tumeiongezea mstari: akishastaafu yeye, mimi naendelea, na ubao wa jikoni wote ni wangu, isipokuwa ile sehemu ya katikati yenye gesi, ada na vikao vya wazazi. Hiyo ni yake. Ameshatia sahihi.