Ile picha ya trei ya chakula

Najua nimekuwa kimya tangu Krismasi, mpaka shangazi kanitumia ujumbe kuuliza kama nimeolewa kimyakimya. Hapana shangazi, ni shifti tu na baridi. Nikiolewa utasikia, ng'ombe hawafichiki.

Wiki iliyopita mlinipigia kuhusu mtoto wa kaka kupata nafasi ya chuo huku Marekani, na kwamba lile shamba la Korogwe litauzwa apate tiketi na ada ya muhula wa kwanza. Nilipouliza "na chakula je?" nikasikia watu wanacheka. Mmoja wenu (simtaji, anajijua) akasema, "Chakula tena? Si picha yako ipo ukutani kwa bibi, na trei imejaa mpaka pomoni?" Nikanyamaza. Leo niko mapumziko, nguo ziko kwenye mashine, basi ngoja niseme.

Kwanza niwaeleze mahali penyewe ilipopigwa ile picha, maana bado napita pale karibu kila wiki. Hospitali ninayofanya kazi iko jirani na Chuo Kikuu cha Minnesota, hapa Minneapolis. Chuo kina jengo la wanafunzi linaitwa Coffman Memorial Union, lilifunguliwa mwaka 1940, na jina ni la Lotus Coffman aliyekuwa rais wa chuo (ndiyo, huku hata mkuu wa chuo ni rais). Mbele kuna uwanja mrefu wa majani, nyuma kuna mto Mississippi, ule ule tuliokariri kwenye jiografia. Ndani kuna duka la vitabu, mahali pa kuchezea bowling, na sofa ambazo watoto wa watu wanalalia mchana kweupe, midomo wazi. Timu yao inaitwa Gophers, yaani kamnyama kama panya kanakoishi shimoni, na wenyewe kipindi cha theluji wanapita njia za chini kwa chini kutoka jengo hadi jengo. Jina limewakaa kweli, hahaha.

Chakula kiko ghorofa ya chini. Msifikirie kantini ya mama mmoja na sufuria zake. Ni kaunta nyingi, kila moja na mapishi yake, unaonyesha kwa kidole, unalipa, unabeba trei kutafuta kiti. Bei iliyoandikwa siyo utakayolipa, kodi inaongezwa wakati wa kulipa. Bakuli la wali na kuku linanitoka dola 12 hivi, karibu shilingi 30,000. Mama ntilie wa stendi ya Korogwe akisikia atazimia. Nikiwa na shifti ya kuanzia saa tisa alasiri mpaka saa tano na nusu usiku, nashuka treni saa saba na nusu, nakula pale taratibu, halafu naelekea wodini kwa mguu.

Kitu ambacho sijakizoea mpaka leo ni ukimya wa mezani. Mtu anakaa kiti cha pili yako, magoti yanakaribia kugusana, anafungua chakula chake, anaweka vitu vya masikioni, anakula. Hakuna "karibu". Hakuna "asante, nimeshiba". Siku za mwanzo nilikuwa naona aibu kutafuna mbele ya mtu ambaye sijamkaribisha, nikawa nageukia ukutani kama mwizi wa mboga.

Sasa mwezi wa pili mwaka huu, siku ambayo nje ilikuwa nyuzi 20 chini ya sifuri, nimekaa pale nakula, nikasikia nyuma yangu sauti ya kijana: "Nishakula mama. Wallahi nimeshiba mpaka sitaki kuona chakula. La, msitume kitu, niko sawa." Kiswahili kitamu cha Mombasa, jirani zetu kabisa, ukivuka Horohoro umefika. Moyo ukaruka kwa furaha, nikageuka nimsalimie.

Mbele yake palikuwa na kikombe cha maji ya moto. Anapasua vipakiti vya tomato sosi, vile vya bure pale kwenye chumvi na vijiko. Kimoja, cha pili, cha tatu, cha nne. Akakoroga, akanyunyiza pilipili manga, akawa anakunywa kwa kijiko kama mtu anayekunywa supu. Simu bado iko sikioni, anamuuliza mama yake habari za mbuzi.

Mimi nesi, macho yangu hayana likizo. Midomo imekauka. Mkono unatetemeka. Mkanda wa suruali umetobolewa tundu jipya, na siyo na fundi, ni kwa msumari. Nilichokisikia ni kwamba pale ndani penye mamia ya watu, ni mimi peke yangu niliyekuwa naelewa ule uongo. Alikuwa anausema kwa sauti kubwa kabisa kwa sababu alijua hakuna wa kumsikia.

Nikamngoja amalize simu. Nikasema, "Karibu chakula." Alishtuka nusura amwage kikombe. "Shikamoo dada. Ahsante, nishakula." Mnajua mtu wa pwani hapokei karibu ya kwanza. Nikakosea, nikasema, "Nimesikia ulivyoshiba." Akainamisha macho, akaanza kukusanya begi lake. Hapo nilijuta kuliko siku niliyokosa mshipa wa mgonjwa mara tatu. Nikamwambia haraka haraka, "Kaka, naingia kazini saa tisa. Nikila bakuli hili lote nitasinzia mbele ya wagonjwa. Nisaidie, tusimwage." Nikamkatia nusu kwenye kifuniko, nikaongeza paja la kuku, nikatazama pembeni. Kimya. Kisha nikasikia kiti kinavutwa.

Alikula polepole sana. Wenye njaa ya kweli waliofunzwa na mama zao hula hivyo, hawafakamii.

Kwao walifanya harambee. Mtaa mzima ulichanga, msikitini na kazini kwa baba yake, picha zikapigwa. Mjomba aliyeahidi kulipia chakula na chumba alitoa miezi minne, biashara ikaanguka, simu haishiki. Kijana anafanya kazi ya kupanga vitabu chuoni, mshahara wote unaishia kwenye kodi ya chumba. "Dada, nitawaambia nini? Watu walichanga." Nilimuuliza kama anajua kuna chumba cha chakula cha bure kwa wanafunzi, kinaitwa Nutritious U, kilianza 2017 na kiko humo humo ndani ya Coffman. Anajua. Amepita mbele ya mlango mara nyingi tu. Anaogopa kuonwa na wenzake wa nyumbani.

Basi Jumatano iliyofuata nilimsindikiza. Mimi si mwanafunzi, nikabaki nje nimekaa kwenye benchi na yunifomu yangu kama mzazi siku ya chanjo. Akatoka na mchele, maharage ya kopo na karoti, uso umemshuka. Halafu akaniambia kwa mnong'ono kwamba mle ndani alimkuta yule mwenzake aliyekuwa anamuogopa, naye kashika mfuko. Wakasalimiana kama watu waliokutana sokoni! Nilicheka mpaka walinzi wakanitazama.

Ameniruhusu niandike, ila bila jina. Siku hizi nikiwa na shifti ya mchana tunakula meza moja. Mama yake akipiga anasema vile vile, "Nishakula mama."

Sasa ile picha. Ilikuwa 2015, mwaka wangu wa kwanza. Nilikuwa nasoma chuo kingine hapa hapa jimboni, nikaja kumtembelea rafiki aliyekuwa anasoma hapa. Trei ile ni yake. Yeye ndiye aliyelipa, nilimwomba tu nikae nayo nipige picha kabla hajaanza kula. Alidhani natania. Mimi siku ile nilikuwa nimekula mkate na siagi ya karanga, kama jana yake, na kama wiki nzima nyuma. Akanigawia viazi vichache, nikasema nimeshiba. Usiku nikawatumia picha, mkafurahi, mkaisafisha, mkaiweka fremu. Ningeanzia wapi?

Kwa hiyo kabla hamjasaini karatasi za shamba, nisikilizeni mimi shangazi yake. Mwanafunzi wa viza anaruhusiwa kazi ya ndani ya chuo tu mwaka wa kwanza, saa 20 kwa wiki kipindi cha masomo, basi. Msaada wa chakula wa serikali ya huku haumhusu. Likizo mabwalo mengi ya vyuo yanafungwa, na hapo ndipo wengi wanapoanza kunywa maji ya moto. Nataka kuona hesabu ya chakula cha mwaka mzima, siyo muhula, na siyo "mjomba ameahidi". Nusu ya hiyo nitatoa mimi, nimeshapiga hesabu. Nusu nyingine mnionyeshe iko benki gani. Ikikosekana, asubiri mwaka mmoja, chuo kinaweza kumuahirishia nafasi wakiombwa mapema. Na aje anajua kupika. Wali na maharage tu vinatosha, achana na mambo ya "jikoni si kwa mtoto wa kiume".

Bibi, picha usiitoe, ni mimi kweli yule, na kile kilemba ulinishonea wewe. Chakula tu ndicho cha mtu.

Mama, najua wewe utasoma hii ukiwa umesomewa na kaka, na najua utataka kupiga simu sasa hivi. Nipigie Jumapili, jioni yenu, nitakuwa nimeamka. Ukiniuliza kama nimekula nitakujibu ukweli. Leo ni ugali na dagaa, nimevipata duka la Wakenya kule Brooklyn Park, na bado nusu iko kwenye sufuria.

Mashine ya nguo imeshaita mara mbili, mwenzangu wa chumba atanuna. Wasalimieni wote.