Kabla ya kufungua duka la mtandaoni

Lubumbashi. Muuzaji wa vitenge anayefungua duka la mtandaoni kwa programu ya WooCommerce hukabiliwa na maswali kabla ya kuuza hata kipande kimoja: duka liko nchi gani, linauza nini, bei ni kwa pesa gani. Wengi hujibu haraka haraka ili wamalize. Hapo ndipo hasara huanzia.

Swali la pesa ndilo zito. Sokoni mteja hutoa dola au franka, na muuzaji hupiga hesabu palepale. Programu hii, isipoongezewa kitu, hutumia pesa ya aina moja tu. Tena ikibadilishwa baadaye, haigeuzi bei: kitenge cha dola 15 kinakuwa cha franka 15. Mteja wa kwanza atacheka, mwenye duka atalia.

Kuna pia swali la anwani. Mkaaji wa Katuba huelekeza mtu kwa kanisa, famasi au kituo cha basi. Kwa hiyo namba ya simu iwe ya lazima, na nafasi ya maelezo isifutwe. Malipo wakati wa kupokea mzigo yamo tayari ndani ya programu. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zinahitaji nyongeza.

Mwisho, kabla ya kutangaza, mwenye duka ajinunulie mwenyewe kitu kimoja, tangu kuchagua hadi kulipa. Nusu saa hiyo ni nafuu kuliko kumbembeleza mteja aliyekwisha kukasirika.